Habari Niliyomfichia Dada Yangu

Siku niliyoambiwa kwamba damu ya mama yangu ilikuwa na kasoro ambayo huenda ilichangia kumuua, kwamba kasoro hiyo mimi ninayo, na kwamba binti zangu hawakuirithi kwangu, nilishuka kwenye boti, nikapita sokoni Darajani, nikanunua halua. Kilo nzima. Naliandika hili mwanzoni ili msomaji ajue anasoma maneno ya mtu wa namna gani. Nimejaribu kuanza na ugonjwa wa mama, nikajaribu kuanza na harusi, na kila nikianza huko najikuta nimekaa vizuri mno, mtoto mwema aliyefiwa. Mtoto mwema hanunui halua siku kama ile.

Mama alikuwa mtu wa Paje, kijiji cha pwani, na alifariki kwa kansa ya ziwa, au ya titi kama wasemavyo bara. Sisi tulisema presha. Mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Tangu uvimbe ulipoanza alijifunga kanga ya pili kifuani, akawa anaoga peke yake, na mpaka siku za mwisho hakumruhusu mtu kumwona ila dada yangu. Wageni wakija kumtazama na kuuliza Bi Mkubwa anaumwa nini, jawabu lilikuwa tayari. Dada yake mama alikufa vivyo hivyo, na yeye tukasema presha. Bibi, mama yao, alikufa kabla sijazaliwa, kwa kitu kilichoitwa uvimbe tu, bila kusemwa uvimbe wa wapi. Ukitusikiliza sisi, ukoo wetu umejaa presha, na sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kufungwa kile kitambaa cha kupimia mkononi.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Nimesomesha Mji Mkongwe kwa zaidi ya miaka ishirini, nyumba yangu ipo Kikwajuni, na watu hunitania kwamba hata nikiulizwa njia ya sokoni naanza na utangulizi. Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka minne, na tupo wawili tu. Baba alipofariki, mama alihitaji mikono ya kumsaidia kulima mwani, na mtoto mmoja tu ndiye angeweza kwenda mjini kukaa kwa jamaa na kuendelea na skuli. Dada alikuwa na akili kunishinda, na mwalimu wetu wa Paje alilisema hilo waziwazi mbele ya mama. Lakini mimi nilikuwa mwanamme. Basi yeye akashika kamba za mwani na mimi nikashika madaftari. Tangu hapo kila karatasi iliyoingia nyumbani, ya kiwanja, ya kura, ya hospitali, ilinisubiri mimi niisome. Dada alikuwa akiwaambia watu, "Sie macho yetu yako mjini."

Ndiyo maana mimi ndiye niliyempeleka mama kwenye hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Daktari wake alikuwa mama mmoja wa makamo, mtu wa bara, mpole, mwenye tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Aliposikia kwamba wanawake watatu wa ukoo mmoja wameumwa ugonjwa mmoja, aliomba damu ya mama na ya mtoto mmoja ikapimwe vinasaba nje ya nchi. Mtoto aliyekuwepo pale nilikuwa mimi, nikakunja mkono wa shati. Mama hakuishi kuyasikia majibu. Arobaini yake ilipopita, nikaitwa peke yangu.

Daktari alinieleza kwa tahadhari. Jeni zile zinazojulikana sana kwa kansa ya ziwa walizitafuta kwa mama na hawakuziona. Walichokiona ni badiliko katika vinasaba vya mitokondria. Hapo nikakaa sawa kwenye kiti, maana hiyo ni mada yangu. Miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba ndani ya kila seli mna majiko madogo madogo yanayochoma chakula tulacho na kutupa nguvu, na kwamba majiko hayo yana vinasaba vyake yenyewe, mbali na vile vilivyomo katika kiini cha seli.

"Umesema vizuri, majiko," daktari akaniambia. "Sasa jiko likiwa na kasoro hutoa moshi mwingi. Moshi ukizidi, huenda ukaharibu vitu vingine humo ndani, na seli ikaacha kufuata utaratibu wake. Huenda, Mwalimu. Hatusemi hii ndiyo sababu. Tunasema huenda inachangia, pamoja na mengine ambayo hatuyajui."

"Na majiko hayo mtu huyapata kwa mama yake tu," nikasema, kabla hajafika huko. "Huja na yai la mama. Ya baba hayafiki."

Alitabasamu kama mtu aliyekatizwa. "Ndiyo. Kwa hiyo wewe unalo badiliko hilo, dada yako bila shaka analo, na mtoto wa dada yako pia."

"Na wangu hawana."

"Kwako hawakulipata," akasema, akanyamaza kidogo, akataka kuongeza neno, lakini mimi nilikuwa nishaanza kumshukuru. Kisha akaniagiza lile lililo muhimu. Nimlete dada achunguzwe, na awe anachunguzwa kila mwaka. Nisimtishe, nimwambie tu aje, maana uvimbe ukikutwa mdogo hutibika. Nikaitikia. Akaandika kwenye faili, nami nikaweka saini yangu kwamba nimeelezwa.

Kwenye boti nilihisi wepesi. Nimeutafutia wepesi ule jina la heshima na sikulipata. Nilifurahi. Nina binti wawili, mmoja yupo chuo kikuu na mdogo yupo kidato cha sita, na tangu mama alipoanza kuumwa nilikuwa nikiwatazama kwa hofu ambayo sikumwambia mtu. Sasa hofu ile ilikuwa imeondoka kwangu na kwenda kukaa nyumba nyingine, na nyumba yenyewe ni ya dada yangu. Nilijua hivyo, na bado nikapita Darajani.

Nyumbani nilimweleza mke wangu huku tunakula ile halua, na yeye akafikiri kidogo kisha akasema, "Kwa hiyo linapita kwa wifi. Masikini wifi." Akakata kipande cha pili. Nilimsihi asimwambie mtu, na kweli hakumwambia mtu. Miaka yote nimemtania mke wangu kwa mdomo wake, na katika jambo hili mdomo wake haukuwa na kosa. Kipande kingine cha halua nilikitia kwenye mkebe nikampa jirani anayekwenda Paje ampelekee dada. Alinipigia simu jioni ile ile, anacheka. "Halua ya nini, umepandishwa cheo?" Nikamwambia nimemkumbuka tu.

Nilikusudia kwenda kumwambia mwisho wa wiki. Kabla ya siku hiyo ikaja posa.

Dada ana mtoto mmoja, msichana, anayesomesha watoto wadogo huko huko Paje. Baba yake alishafariki. Aliyemposa alikuwa kijana mwalimu mwenzake, kwao Ng'ambo, mtaa wa huku mjini, na dada aliipenda posa ile kwa moyo wake wote. Kwetu, barua ya posa ikishapokewa, jawabu halitoki siku hiyo. Kila upande hutuma mtu akaulize. Ami zake msichana, ndugu za baba yake, ndio mawalii wa kumwozesha, na wao waliulizwa ya kwao. Habari za upande wa mama anaulizwa mjomba. Watu huuliza kama binti anasali, kama ana ulimi, kama ukoo una kifafa, una pumu, una wazimu. Huuliza kwa adabu na hujibiwa kwa adabu, na mara nyingi anayeuliza na anayejibu wote wanajua kwamba katika adabu hiyo mna mambo mengine yameachwa nje.

Aliyekuja kwangu alikuwa shangazi wa mposaji, bibi mnene mchangamfu, buibui lake linanukia udi. Mke wangu alimwekea chai na vileja. Akanisifu kwa usomi, akausifu ukumbi, kisha akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, sie hatuchimbi," akasema, "lakini ndoa ni ukoo. Marehemu mama, Mungu amrehemu, aliumwa maradhi gani?"

"Presha," nikasema.

"Na mama yenu mkubwa?"

"Presha pia."

"Presha mbaya," akasema, akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Mbaya sana, Bi."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Aliniangalia, kisha akaenda jikoni.

Baada ya hapo ningempelekaje dada hospitali? Ndivyo nilivyojiuliza, na nilijiuliza kwa sauti ya mtu mwenye haki. Paje ni ndogo. Dada akionekana amepanda boti kwenda kupimwa ziwa, habari zingefika Ng'ambo kabla hajarudi, na msichana angeachwa kwa sababu ya bibi yake. Nikajiambia tungoje mpaka harusi ipite. Nikajiambia huku ndiko kusitiri. Hakuna neno ambalo watu wetu wanalipenda kama sitara. Umfunike mwenzako aibu yake, na Mungu akufunike yako. Mama alilifuata maisha yake yote na akafa nalo. Mimi nililichukua neno hilo safi nikalitumia kujifunikia mwenyewe. Maana ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa uso wa dada. Ningemwambia, angesikiliza mpaka mwisho, kisha angeniuliza, "Na wanao je?" Na ningelazimika kumjibu.

Mwezi wa Rajabu niliwasha vespa nikaenda Paje, nimeazimia kusema. Dhamiri ilikuwa imenikamata tangu alfajiri na nilifika nayo mpaka ufukweni. Ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali, na wanawake walikuwa huko kwenye vigingi vyao wameinama, wakati nyuma yao wazungu wanaruka juu ya maji, wanavutwa na matiara yao makubwa kama vishada. Dada aliniona akaja, anajikokota na gunia la mwani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja na jua hili, kuna msiba?"

"Hamna msiba. Nimekuja kukuangalia."

Alilikokota gunia kwa mkono wa kushoto. Dada hutumia wa kulia kwa kila kitu. Nilimuuliza mkono una nini.

"Bega hili, na huku ubavuni," akasema. "Mwani ukiroa mzito, na mie nshakuwa mtu mzima."

Nilijua. Sitasema nilishuku, wala nilihisi, nilijua, kama ninavyojua jina langu. Mama naye alianza kwa kulalamikia bega. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni, na nilichokisema ni hiki: "Jipake mafuta ya karafuu." Akasema atajipaka. Tukazungumza habari za vyombo vya bibi harusi, nikanywa dafu, nikapanda vespa yangu nikarudi mjini, na njia nzima nilikuwa nikimkasirikia yule shangazi wa Ng'ambo, kana kwamba yeye ndiye aliyenifumba mdomo.

Harusi ilikuwa Mfungo Mosi, siku chache baada ya Sikukuu ya Idi. Ilikuwa harusi nzuri. Dada alivaa nguo mpya ya rangi ya zambarau na hakukaa kitako tangu asubuhi. Nikahi ilipokwisha, yule shangazi akanivuta pembeni ya tangi la maji, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Mwalimu, na ile presha yako!"

"Presha gani, Bi?"

"Ya mamako. Sie tulikuwa tunajua. Paje nzima inajua, utakuwa hujui wewe? Mie ndugu yangu khasa kafa kwa hayo hayo. Nilikuuliza nione utasema nini tu. Nkawaambia wenzangu, mtu anamsitiri mamake, si mbaya. Tungekataa mtoto mzuri kama huyu kwa maradhi ya Mungu?"

Akanipiga begani, akaenda zake kula. Nikabaki pale kwenye tangi. Miezi yote ile nilikuwa nimelinda mlango ambao haukuwa na kufuli. Dada alikuwa hatua chache kutoka pale, anagawa birika za chai kwa mkono wa kushoto. Kisingizio changu kilikuwa kimeondoka mbele ya macho yangu, na ningeweza kwenda kumwambia saa ile ile. Nikasema apumzike kwanza, fungate ipite. Fungate ikapita, nikasema nina mitihani ya kusahihisha.

Alikuja mwenyewe. Alikuja Kikwajuni asubuhi moja na mkoba mdogo, akaingia chumbani na mke wangu, wakakaa huko muda mrefu, kisha mke wangu akatoka na macho mekundu akaniambia nenda kamsikilize dada yako. Dada alikuwa kitandani amejifunika mtandio. Alizungumza akiangalia sakafu, maana kumtajia ndugu wa kiume kitu cha mahali pale ni aibu ambayo hakuwahi kuivuka.

"Nna kitu ziwani. Na kwapani. Tangu Rajabu."

"Tangu Rajabu! Na mbona hukusema?"

"Ningesema vipi na watu wanakuja kuuliza? Nkasema mwanangu aolewe kwanza."

Hapa ndipo ninapotamani karatasi ikatae kuandikika. Nilimkasirikia. Nilisimama, nikamnyooshea kidole, nikampa darsa. "Dada, mambo haya hayafichwi! Miezi minne! Zama hizi bado mtu anaficha ugonjwa kwa sababu ya harusi?" Nilisema kwa sauti ile ya darasani. Mke wangu aliniita kwa ukali kutoka ukumbini, mara mbili, na sikumwitika.

Dada aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mdogo wangu," akasema. "Mie sikusoma."

Tulikwenda Dar wiki ile ile. Walimpiga picha, wakakata kinyama wakakipima, tukakaa kwa jamaa siku kumi kusubiri. Siku ya majibu tuliingia wote wawili kwa daktari yule yule. Hakuzungukazunguka. Alisema ni kansa, na imeshafika kwenye tezi za kwapani. Ataanza na dawa za dripu, kisha atakatwa ziwa.

"Ungekuja mwaka jana ingekuwa kazi ndogo zaidi," akamwambia, kwa upole. "Lakini umekuja, na tutafanya kazi."

Dada akasema alhamdulillahi. Mimi nilikuwa nikitazama faili. Niliona ni faili mbili, ya dada mpya na ya mama kuukuu, na nilijua saini yangu imo katika ile ya chini. Nilitulia nikiomba asiifungue. Hakuifungua. Akaendelea:

"Sasa tuzungumze habari za mabinti. Kwa ukoo kama huu, mabinti wote wa familia wachunguzwe mapema. Yupo wa kwako, Bi. Na wewe Mwalimu una wawili, sivyo?"

Na mimi, ambaye siwezi kumwacha mtu na kosa la kisayansi, nikasema, "Wangu hawamo, daktari. Hii inapita kwa mama tu. Ulinieleza mwenyewe mwaka jana."

Hakuna aliyenilazimisha. Faili ilikuwa imefungwa. Niliyasikia maneno yangu yakiwa yameshatoka, na nikamwona dada akigeuza kichwa polepole kuniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama anavyoangalia karatasi, akisubiri nimsomee.

Daktari alituangalia sote wawili, akaelewa, na akachagua kunijibu mimi. "Ulikatiza mapema siku ile, Mwalimu. Majiko tu ndiyo yanayotoka kwa mama peke yake. Mtu ana jeni nyingine chungu nzima kwenye kiini, nusu kwa mama, nusu kwa baba. Zile za mama yako ulizozipata wewe, umewapa wanao sehemu. Sisi badiliko la mitokondria tumelikuta na tunalishuku. Hatujasema hakuna jingine. Katika familia yenye wagonjwa wanne, mimi siwezi kumwambia binti yeyote kwamba hamo."

Somo hilo ni la kidato cha nne. Ninalisomesha mwenyewe kila mwaka, ubaoni, kwa chaki ya rangi mbili. Sikuwa nimekosa elimu. Nilisikia nilichokitaka na nikaondoka na halua yangu.

Leo ninapoandika dada ameshamaliza dripu, ameshakatwa, na nywele zimeanza kurudi. Bado tunapanda boti kila baada ya miezi mitatu. Daktari hatoi ahadi, nami siku hizi simmalizii maneno yake.

Lakini siku ile ya majibu tulitoka tukakaa kwenye benchi la kibarazani, tunasubiri karatasi ya dawa. Dada alikaa muda na mkoba wake mapajani. Watu walikuwa wakipita mbele yetu. Mimi nilikuwa natunga maneno: posa, sitara, mama mwenyewe alivyotaka, shangazi wa Ng'ambo. Nilikuwa nayo mengi na yote yalikuwa ya kweli.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Siku ile ya bamvua, ulokuja na vespa. Ulikuja kunambia?"

"Ndiyo, dada."

Kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimelitungia jawabu. "Ulipoambiwa kuwa wanao hawana, ulifurahi?"

"Nilifurahi," nikasema. Na nikaanza kulia pale kwenye benchi, mwanamme mzima na mvi zangu, mbele ya wagonjwa.

Hakunishika mkono wala hakunikemea. Alingoja nimalize. "Mwanangu n'takwenda kumwambia mwenyewe," akasema, "na mkwewe akiwepo, asikie. Hii presha imetutosha. Na wanao lazima waambiwe leo. Wapigie."

Nilitoa simu, nikaitafuta namba ya nyumbani, nikashindwa. Kila sentensi niliyoianza kichwani ilikuwa na mimi ndani yake. Ningewaambiaje kwamba wapimwe bila ya kuwaambia tangu lini nilijua kwamba kuna la kupima? Dada aliiangalia ile simu mkononi mwangu mpaka kioo kikazimika. Akaichukua.

"Nioneshe pa kubonyeza," akasema.

Nikamwonesha. Walikuwa nyumbani wote wawili, mkubwa yupo likizo. Dada akawaambia wakae karibu wote wasikie, na akasema kwa sauti kubwa ya watu wa Paje, hata watu wa benchi la pili waligeuka.

"Shangazi yenu hapa. Skilizeni. Nnaumwa, nna kansa ya ziwa. Bibi yenu alikuwa nayo vilevile, haikuwa presha. Inakwenda ndani ya ukoo, na nyie mnatakiwa mpimwe, wote wawili, na msione haya. Mie niliona haya, na yamenifika."

Nilimsikia mkubwa akiuliza kitu huku analia.

"Baba yenu?" dada akasema. Aliniangalia kidogo, kisha akaangalia mbele. "Baba yenu ndo alonihangaikia. Tangu mwanzo alinihimiza nije, mie ndo nilomkaidi. Lau si yeye nisingekuja kabisa. Yupo hapa pembeni yangu."

Akanipa simu. Alikuwa mdogo upande wa pili, anavuta makamasi.

"Baba," akasema, "Mungu akulipe kwa ulivyomfanyia shangazi."

Dada alikuwa kando yangu, anasikia. Nikasema amin. Mpaka leo hawajaambiwa vingine.